Bei ya Kwenye Tangazo Si Thamani ya Santuri

Mtu anarithi kasha la santuri za baba yake. Anaingia mtandaoni, anakuta moja inayofanana na yake imetangazwa kwa dola 400, na tangu siku hiyo haambiliki. Mnunuzi anayemfikia na bei ya haki anafukuzwa kama tapeli, na kasha linarudishwa uvunguni likaote ukungu.

Imani hii, kwamba alichoandika muuzaji wa mtandaoni ndiyo thamani ya santuri, ni ya uongo na inaharibu mengi. Tangazo ni ombi tu. Tovuti ya Discogs, iliyoanzia Marekani mwaka 2000 na yenye soko la santuri, huonyesha kwa kila toleo bei ya chini, ya kati na ya juu ambazo watu wamelipa kweli. Hizo ndizo za kuangalia. Wengi huziruka kwa sababu zinakatisha tamaa.

Ukongwe nao haujengi bei. Machi 1977 kampuni ya A&M ilichapa nakala zipatazo 25,000 za "God Save the Queen" ya Sex Pistols, ikavunja mkataba na kundi hilo baada ya siku chache, na karibu nakala zote zikateketezwa. Chache zilizonusurika huuzwa kwa maelfu ya pauni. Mei mwaka uleule Virgin iliutoa wimbo huohuo, ukafika namba 2 kwenye chati ya Uingereza; nakala hizo zimejaa tele, na bei yake haikaribii hata kidogo ile ya A&M. Kinachozitenganisha kimeandikwa kwenye lebo ya katikati.

Afrika Mashariki mtego ni uleule. Mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe alifariki mwaka 1979, na nyimbo zake zikakusanywa baadaye katika santuri ndefu za mfululizo wa Ukumbusho. Mwenye Ukumbusho anayedai bei ya santuri ndogo ya awali anauza kitu asichonacho.

Halafu kuna hali ya santuri yenyewe, na hapa ndipo udanganyifu unapotia fora. Kwa vipimo vya jarida la Goldmine, vinavyofuatwa na wauzaji wengi, santuri ya daraja la VG (nzuri sana) hupewa takriban robo ya bei ya Near Mint (karibu mpya). Santuri nyingi za mwambao zilipigwa harusini na baani, kwa sindano zilizochakaa, vumbi likiingia mifereji. Nakala safi ni ghali kwa sababu hiyohiyo. Iliyokwaruzwa haiwezi kupanda mgongoni mwake. Mnunuzi makini huomba picha ya pande zote mbili chini ya mwanga mkali, na ya namba zilizochongwa karibu na lebo. Muuzaji akikataa, aachwe na santuri yake.

Anayeumia zaidi ni muziki. Wimbo uliorekodiwa mara moja na kuchapwa nakala chache unapinda kwa joto ndani ya kasha lile, mwenyewe akingojea dola 400 ambazo hakuna aliyewahi kuzilipa.