Karavani imepakwa rangi, tairi ni la 2009

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe malalamiko yangu juu ya sheria ya Uingereza inayoruhusu karavani kuukuu kukarabatiwa, kuuzwa na kuvutwa kwenye barabara kuu bila mkaguzi yeyote kuitazama magurudumu, breki wala mabomba ya gesi. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nina jamaa na marafiki kutoka kwetu wanaozitafuta karavani hizi. Wakati wa likizo za shule bei za hoteli za pwani hazishikiki kwa familia yenye watoto wanne, na karavani ya mitumba huonekana kuwa ndiyo nafuu.

Gari dogo hapa, likishatimiza miaka mitatu, lazima lipelekwe kukaguliwa kila mwaka. Lisipopasi haliendi popote. Karavani linayoivuta, yenye uzito wa tani moja na ushei na ndani yake mitungi ya gesi, haidaiwi ukaguzi wa namna hiyo hata ikiwa na miaka 20. Tangu tarehe 16 Desemba 2021 hata mtihani wa ziada wa kuvuta trela umeondolewa kwa sisi tuliopata leseni baada ya 1996. Mtu ambaye hajawahi kurudi kinyumenyume na trela anaweza leo kufunga ndoano akaingia barabarani na mzigo wa hadi kilo 3,500.

Mimi na shemeji yangu tulitoka Leicester alfajiri kwenda kuchukua karavani yetu karibu na Hull, eneo ambalo karavani nyingi za nchi hii hutengenezwa. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 150: unapanda M1 kuelekea kaskazini, unaingia M18, kisha M62 hadi unapoanza kunusa maji ya mto Humber. Karavani tuliikuta imeoshwa na kung'arishwa. Vitambaa vya viti vilikuwa vipya, makabati yamepakwa rangi, jiko linameta, na sakafu imewekwa zulia ambalo mke wangu angelipenda. Muuzaji alituonyesha kila kitu kilichokuwa juu ya sakafu.

Shemeji yangu aliendesha malori ya mizigo kati ya Mombasa na Malaba kwa miaka mingi. Hakuyajali makabati. Alichuchumaa kando ya gurudumu, akapangusa tope kwa kidole gumba na kunisomea tarakimu nne zilizochongwa ubavuni mwa tairi: 1109. Maana yake ni wiki ya 11 ya mwaka 2009. Kwa macho tairi lilikuwa zima, halikuwa kipara hata kidogo, kwani karavani hushinda imeegeshwa karibu mwaka mzima na tairi halipati nafasi ya kulika. Linazeeka likiwa limesimama. Jua hulikausha, uzito hulilalia mahali pamoja, na ubavuni huchimbika nyufa nyembamba kama za udongo wa kiangazi. Siku linapopata joto la mwendo wa kilomita 96 kwa saa, ambao ndio ukomo wetu sisi tunaovuta karavani, hupasuka. Karavani yenye ekseli moja ikipoteza tairi huanza kuyumba, na ikiyumba huliburura gari lililo mbele yake pamoja na waliomo.

Tulipomwambia muuzaji, alijibu kwamba hakuna sheria aliyoivunja. Hapo ndipo palipo na uchungu wangu, Mhariri, kwa sababu alisema kweli. Sheria hutaka kashata za tairi zisipungue milimita 1.6, na faini yake hufika pauni 2,500 kwa kila tairi, lakini umri wa tairi la karavani haina habari nao.

Kwa magari mengine, sheria inayo habari hiyo. Septemba 2012 basi lililokuwa likirejesha vijana kutoka tamasha la muziki kisiwani Wight lilipasuka tairi la mbele kwenye barabara ya A3, wakafa watu watatu. Tairi hilo lilikuwa na zaidi ya miaka 19. Mama wa mmoja wa waliokufa, Bi Frances Molloy wa Liverpool, alipigania jambo hilo miaka mingi, na kuanzia tarehe 1 Februari 2021 tairi lililozidi miaka 10 likapigwa marufuku kwenye ekseli ya mbele ya malori na mabasi, na kwenye magurudumu ya mojamoja ya mabasi madogo. Karavani ikaachwa nje. Na huko Bristol, Januari 2014, mtoto wa miaka mitatu aliuawa na trela iliyochomoka kwenye gari lililokuwa likiivuta. Bunge likapitisha sheria mwaka 2018 iliyoitaka serikali iandike ripoti juu ya usalama wa trela. Trela nyepesi na karavani bado hazikaguliwi.

Ujerumani karavani hukaguliwa kila baada ya miaka miwili, na anayetaka kibali cha kuivuta kwa kilomita 100 kwa saa lazima matairi yake yawe chini ya miaka sita. Wajerumani nao wana karavani nyingi, na hawajaacha kwenda likizo.

Sisi tulikataa kuondoka na matairi yale. Tulitafuta fundi wa matairi mjini, tukalipa mapya kwa fedha zetu, naye shemeji akamwomba afungue na ngoma za breki. Breki za karavani hufanya kazi kwa kusukumwa: gari likipunguza mwendo, karavani hulisukuma kutoka nyuma, na msukumo huo huvuta nyaya zinazobana breki. Ikikaa miezi mingi bila kutembea, hushika kutu na kukwama. Upande mmoja zilikuwa zimekwama. Jua lilizama tukiwa bado Yorkshire, tukarudi usiku, taratibu, kwenye njia ya kushoto.

Anayenunua anastahili kupewa hati ya mkaguzi wa breki, matairi na gesi kabla hajatoa pesa, na gharama iwe juu ya muuzaji. Sheria ya mwaka 2021 juu ya umri wa tairi ipanuliwe iguse karavani. Hilo halihitaji hata ofisi mpya. Anayekodisha karavani tayari hulazimika kukaguliwa vifaa vya gesi kila mwaka. Kwa nini watoto wanaolala ndani ya karavani iliyonunuliwa walindwe kidogo kuliko wanaolala ndani ya iliyokodiwa?

Nimemwandikia mbunge wa eneo letu na kumpelekea picha za tairi lile pamoja na risiti ya fundi. Nawaomba wasomaji wako walioko Uingereza, ambao wamekutana na mambo kama haya, nao wawaandikie wabunge wao, waambatanishe picha ya zile tarakimu nne.

Msomaji wako,
Leicester, Uingereza