Msomi wa Depo

Kila anayepanda jukwaani hapa Likasi, awe mchungaji, mwanasiasa au mkuu wa shule siku ya matokeo, anatuimbia wimbo mmoja: tusome, kwa sababu ujinga ndio unaotuua. Watu wanapiga makofi. Mimi nimeacha kupiga. Nimechoka kusikia asiyejua akitwishwa lawama zote, wakati anayetuumiza kila siku iendayo kwa Mungu ni yule anayejua, tena anajua vizuri sana.

Hamniamini? Nendeni kwenye depo ya madini kando ya barabara kuu, alasiri, wakati pikipiki zinaposhusha magunia. Mchimbaji amefika na gunia lake. Amelitoa shimoni, amelipia usafiri, amelipia vizuizi vya njiani, na nyuma yake kuna wenzake wanne ambao bukari yao ya leo imo ndani ya gunia hilo hilo. Anatoka kijana mwenye shati safi na kalamu sikioni. Anachota konzi moja ya mchanga wa mawe kutoka pembe ya gunia aliyoichagua mwenyewe, anautia kwenye kifuko cha plastiki, anaelekeza kile chombo chenye umbo la bastola ambacho huku Katanga wote tunakiita Metorex, anafyatua. Skrini inawaka upande wake. Anatamka namba: nne.

Mchimbaji anafoka. Juzi shimo lile lile lilitoa sita! Kijana anapandisha mabega. Anakata unyevu, anakata uzito wa gunia lenyewe, anaandika kikaratasi, anaita mwingine.

Tupige hesabu, maana ndiyo iliyofichwa hapo. Gunia la kilo 60 lenye shaba asilimia 6 lina kilo 3.6 za shaba. Likitangazwa kuwa na asilimia 4, shaba inayohesabiwa ni kilo 2.4. Kilo 1.2 zimeliwa kwa mdomo tu, bila kisu wala bunduki. Ni theluthi ya kazi ya watu watano. Na mara nyingi hasara inazidi hapo, kwa kuwa kwenye ubao wa bei madini yenye asilimia ndogo hulipwa kidogo zaidi kwa kila kilo, hivyo mtu anapunjwa kwenye asilimia, kisha anapunjwa tena kwenye bei.

Sisemi kila kijana wa depo ni mwizi. Wapo wanaosema kweli, na hao ndio wanaonipa haki ya kuwasema wengine, kwa sababu wanaonyesha kwamba kusema kweli pale kunawezekana.

Ukimuuliza yule kijana, jibu liko tayari mdomoni: bosi ni Mchina, mimi ni mfanyakazi tu. Acha hizo, ndugu yangu. Bosi wako hajui Kiswahili cha kutosha kumdanganya mtu wa Kikula. Anayemtazama mchimbaji machoni na kumwambia "nne" ni mtoto wa Panda, aliyesoma kemia katika shule ya ufundi ya mji huu huu. Na ada ya shule hiyo ilitoka wapi? Mwaka 2019 serikali ilitangaza kuwa elimu ya msingi ni bure, lakini sekondari ya ufundi na chuo bado zinalipiwa. Katika nyumba nyingi za Likasi minervali ilitoka kwa kaka aliyeshuka shimoni, au kwa mama aliyekuwa akiosha mawe mtoni hadi vidole vikachubuka. Gunia lilimsomesha, naye amesoma ili aje alipunje gunia.

Hili ndilo ninaloliita ovu, na sitatafuta neno la adabu zaidi.

Wenye umri wanajua kwamba huu si mchezo mpya. Karibu kilomita 20 kutoka hapa kuna mgodi wa Shinkolobwe. Watu wetu walichimba pale na kuyachambua mawe kwa mikono mitupu bila kuambiwa yana nini. Aliyejua alikuwa mwingine. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, alihamishia New York zaidi ya tani elfu moja za madini yenye urani na kuyaweka ghalani, akisubiri mnunuzi. Mnunuzi alikuja, akiwa na sare ya jeshi la Marekani, na sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilitoka kwenye shimo letu. Mwaka 1946 Marekani ilimpa Sengier nishani. Aliyebeba jiwe hakupata hata maelezo ya alichokuwa amekibeba.

Tangu mji huu ukiitwa Jadotville, basi, kuna kiti kimoja cha anayejua kilichomo ndani ya jiwe, na kuna mgongo wa anayelibeba. Wazee wetu walidhani ubaya wa kiti kile ni rangi ya aliyekikalia. Wakasema: tukisomesha watoto wetu, wakakaa pale wao, mambo yatageuka. Watoto wamesoma. Wamekaa. Kazi ya kiti haikugeuka hata kidogo.

Na tusijidanganye kwamba jambo hili limeanzia depo. Limeanzia darasani. Kijana aliyenunua pointi kwa profesa, aliyelazimishwa kununua silabasi asiyoisoma ili jina lake liandikwe kwenye orodha, binti aliyedaiwa mwili wake ili afaulu, hao wote wamefundishwa somo moja ambalo halimo katika mpango wa masomo: kwamba ujuzi ni dirisha la kukusanyia malipo, na wewe subiri, siku moja utakaa upande wa ndani. Profesa naye anasema mshahara haufiki. Ni kweli haufiki. Lakini anamla mwanafunzi aliye maskini kuliko yeye, na waziri anayemnyima mshahara hajawahi kuguswa na madai yake.

Mwaka 1976 Mobutu alisimama mbele ya umati akawaambia watu kwamba wakitaka kuiba, basi waibe kidogo, kwa akili. Amekufa, tumebadilisha jina la nchi, bendera na pesa, mwaka 2015 tumeikata Katanga vipande vinne, na bado sentensi ile ndiyo katiba tunayoitii bila askari. Tunaiita kujitafutia. Tunaiita Kifungu cha 15, kile kifungu cha utani kisemacho: jitafutie. Tunamsifu anayeitekeleza: "Yule mtoto ana akili, ona amejenga." Mama mzazi anamsifu, kanisa linapokea sadaka yake na kumwekea kiti cha mbele. Mwenzake asiyedanganya anaitwa mzembe. Kabla ya kumlaani kijana wa depo, tuwataje hawa wanaompigia vigelegele, maana peke yake asingethubutu.

Watanijibu kwamba kila mtu huanza na tumbo lake, na mahubiri hayajazi sufuria. Vema, tuzungumze maslahi matupu. Mji huu ulishafanya jaribio hilo.

Mwaka 1992 na 1993 wanasiasa wa Katanga walituambia kwamba nafasi zetu zimekaliwa na Wakasai, watu wenye asili ya Kasai. Kila mmoja wao akiondoka, kazi moja na nyumba moja zitabaki kwa mwenye mji. Hesabu rahisi, hata mtoto angeielewa. Maelfu kwa maelfu ya majirani wetu walifukuzwa, wakalala kituo cha reli cha Likasi kwa wiki na miezi wakisubiri treni, kwenye mvua, wagonjwa na watoto wachanga, na wengi wakafa hapo au njiani. Kati yao walikuwamo mafundi, wahandisi, wauguzi na walimu waliowafundisha watoto wa hao hao waliowafukuza. Si wote waliofukuza walikuwa wajinga. Orodha ziliandikwa na watu wenye mwandiko mzuri.

Je, tulishiba? Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1994 ilitoa kama tani 30,000. Sitasema kufukuza watu ndiko kulikoua kampuni peke yake. Wakubwa wa Kinshasa walikuwa wameinyonya kwa miaka, mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, na uporaji wa mwaka 1991 uliimaliza nchi. Lakini kila aliyeshiriki, kuanzia aliyekwapua mamilioni hadi aliyechukua kiti cha jirani, alijitetea kwa maneno yale yale: natafuta changu. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipewa bahasha na kuambiwa wameondoka kwa hiari, baada ya miezi mingi bila mshahara. Wengi wa wachimbaji wanaosimama leo mbele ya Metorex ni watoto na wajukuu wao. Kila mtu alitafuta chake, na sasa wote wanapanga foleni kuuza kilo 60 kwa bei ya mwingine.

Sitaki mtu aniambie kwamba hapa Katanga hatujawahi kuona mtu aliyesoma akasimama upande mwingine. Léonard Mpoyi alikuwa karani. Mwaka 1941, wakati wa vita, bei zilipanda na mishahara ya wafanyakazi wa Union Minière haikutosha. Mpoyi alijua kuandika na alikuwa na meza yake. Angeweza kukaa kimya akingojea cheo. Badala yake aliutumia ujuzi wake kuwasemea wenzake waliogoma, na tarehe 9 Disemba alipigwa risasi pamoja nao kwenye uwanja wa mpira wa Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Ni wangapi kati ya wanafunzi wa Likasi wanalijua jina lake? Na André Yav, aliyewahi kuwa mtumishi wa nyumbani, mwaka 1965 aliandika kwa Kiswahili historia ya mji ule kwa niaba ya watumishi wenzake wa zamani, ili yale waliyoyaona jikoni na uani kwa mabwana yasipotee. Hakuwa na diploma ya kuning'iniza ukutani. Alichokijua alikirudisha kwa wenzake.

Huko ndiko kukua kwa mtu kwa njia ya kusoma. Unajua zaidi ya jirani yako, na jirani anapata nafuu kwa sababu wewe unajua. Mengine yote ni kunoa panga.

Najua kijana wa depo ataniuliza swali la haki: nikitaja sita, bosi atanifukuza jioni, na kesho ataajiri mwingine anayetaja tatu, sasa nimemsaidia nani? Ni kweli, peke yako utaanguka. Kwa hiyo usianze na bosi. Anza na mchimbaji. Unajua jinsi sampuli ya haki inavyochukuliwa, uliifanya mara kadhaa maabara: mchanga wa juu, wa kati na wa chini ya gunia unachanganywa, unarundikwa, unagawanywa mafungu manne, unatupa mawili yanayokabiliana, unachanganya tena, hadi ubaki na kiasi kidogo kinachosema ukweli wa gunia zima. Hilo halihitaji mashine. Linahitaji turubai na koleo. Walimu wa kemia wa mji huu wangeweza kulifundisha Jumamosi moja, uani pa shule, pamoja na kukokotoa asilimia na kukata unyevu. Vyama vya ushirika ambavyo Kanuni ya Madini ya 2018 inawataka wachimbaji wajiunge navyo, badala ya kuwa mifuko ya wanasiasa kama vilivyo vingi, vingenunua mashine moja na kuiweka mahali skrini inapoonekana na wote.

Hadi siku hiyo ifike, mchimbaji aende depo na vifuko viwili vya sampuli ile ile. Kimoja ampe kijana mwenye kalamu sikioni. Cha pili akifunge mbele yake, akiandikie tarehe na uzito, akitie mfukoni, amwambie kwamba baada ya hapa anakwenda kukipima depo ya pili na ya tatu, kisha asubiri namba atakayotamkiwa.