Mtoto wa Mbwa wa Kwenye Boksi Si Zawadi ya Harusi



Tangu mfungo sita uanze tumeulizwa swali moja na mabibi harusi watatu, na wote watatu wanahamia Mwanza. Bwana harusi anasema nyumba iko Buzuruga, imejengwa juu kwenye mawe, uzio haujakamilika, na yeye husafiri kufuata mzigo. Kwa hiyo atanunua mtoto wa mbwa, akue pamoja na mke, awe mlinzi. Je, inafaa? Mmoja akamalizia kwa kusema kwamba yeye mbwa anawaogopa hata kwenye picha.

Tunamwelewa. Wengi wetu tunaoandika haya tumezaliwa Pemba na Unguja, kwenye majumba ambayo mbwa hafiki hata barazani. Tukaolewa na wafanyabiashara wenye maduka huku bara, tukafungua mabegi yetu ya khanga na udi, na usiku wa kwanza tukasikia mbwa wa mtaa mzima wakibweka. Hakuna somo wala kungwi aliyetufundisha hili.

Jibu letu ni hili: asinunuliwe. Hatukatazi mbwa wa ulinzi, hilo tutalifikia. Tunachokataa ni kununua pale anaponunuliwa, kwa namna anavyonunuliwa.

Huku hakuna haja ya duka lenye vioo na kengele mlangoni. Duka ni boksi. Jumamosi moja tulikuwa stendi ya Buzuruga, barabara ya Musoma, tunasubiri hiace. Katikati ya wauza machungwa na chaja za simu alisimama kijana na boksi la mafuta ya kula, ndani yake watoto watano wa mbwa. Jua la saa saba. Hakuna maji. Mmoja amelalia mkojo wake, anatetemeka kama mtu mwenye homa.

"Mama, huyu German Shepherd kabisa. Akikua, mwizi hapiti."

Tukamuuliza mama yao yuko wapi. Magu, akasema. Wana umri gani? Miezi miwili. Mwenzetu mmoja, aliyelelewa na babu mfugaji, akamwomba amfungue mdomo mmoja tuone. Meno ndiyo kwanza yanachomoza. Mbwa huanza kuota meno akiwa na wiki tatu hivi, kwa hiyo hao walikuwa na mwezi, au hata mwezi haujatimia. Walikuwa bado wananyonya. Je, wamechanjwa? "Wamechanjwa wote, mama." Kadi hana.

Msikilize mtu anayewajua wanyama atakwambia kwamba mtoto wa mbwa haondolewi kwa mama kabla ya wiki nane. Maziwa ya mama ndiyo kinga yake ya mwanzo, na chanjo huanza anapofika wiki sita mpaka nane, kisha hurudiwa. Anayeondolewa mapema, akawekwa boksi moja na watoto wa mbwa wengine kutoka nyumba nyingine, akapitishwa stendi na sokoni, huyo ameandaliwa kufa. Parvo ikimpata anatapika, anaharisha damu, na siku chache tu zinatosha.

Mdogo wetu mmoja aliolewa mwaka jana. Mume alimletea mbwa siku ya Ijumaa. Jumatano wakamzika nyuma ya choo. Mume akarudi stendi akanunua wa pili. Angalieni hesabu hiyo, dada zetu. Wa kwanza amekufa kwa sababu ya namna alivyouzwa, na kufa kwake ndiko kulikomletea muuzaji mteja tena. Biashara ya namna hii haimhitaji mnyama aishi.

Wa pili aliishi. Akapelekwa kwa fundi wa masikio, maana watu wanaamini mbwa asiyekatwa masikio hawi mkali. Wembe, bila ganzi, na majivu juu ya kidonda. Kisha wakamlisha pilipili, akafungiwa kwenye banda ambalo hawezi hata kugeuka, mchana kutwa, ili akitolewa usiku awe na hasira. Bibi harusi akawa anamsukumia ugali kwa mti kupitia tundu. Tulipomuuliza, alijibu kwa upole kabisa: "Namwonea huruma, lakini si najisi?"

Hapa ndipo tunapotaka kusema kwa sauti, kwa sababu neno hilo tunalisikia kwa wanawake wanaosali sala tano na kufunga Jumatatu na Alhamisi. Ndiyo, kwa madhehebu yetu ya Shafi mate ya mbwa ni najisi nzito. Chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hiyo ni hukumu ya chombo, nguo na udhu. Ni wapi ilipoandikwa kuwa kiumbe ambaye mate yake ni najisi hana kiu? Tena katika dini yetu hii hii tumesimuliwa habari ya mwanamke mwenye dhambi aliyemkuta mbwa ana kiu kisimani, akamtekea maji kwa kiatu chake, akasamehewa. Na tumesimuliwa ya mwanamke mwingine aliyemfungia paka, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie, akaingia motoni. Aliyelaaniwa alikuwa na mnyama msafi. Aliyesamehewa alimhudumia yule ambaye sisi tunamkunjia pua. Watu wa pangoni katika Suratul Kahf walikuwa na mbwa wao, na Qur'ani imemtaja pamoja nao.

Na kama unataka hadithi inayolihusu boksi lenyewe, ipo kwa Abu Daud. Masahaba safarini walichukua makinda wawili wa ndege, mama yao akaja akipapatika juu yao. Mtume (S.A.W.) aliporudi aliuliza nani amemtia ndege huyu uchungu kwa ajili ya wanawe, akaamuru warudishwe. Warudishwe! Hao walikuwa makinda wa ndege wa porini, hawana thamani sokoni. Sasa yule mama aliyebaki Magu, chuchu zimejaa maziwa na wanawe hawapo, yeye tutamweka kundi gani?

Twende kwenye pesa. Dada zetu hupokea mahari kwa uangalifu, huuliza halali ya kila shilingi, halafu pesa ya mbwa inatoka bila swali. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba Mtume alikataza thamani ya mbwa, akaitaja pamoja na pato la uzinzi na malipo ya mpiga ramli. Mashafi wameshika hapo: kumuuza mbwa hakusihi. Wahanafi wamekuwa na kauli ya kuruhusu mbwa mwenye manufaa, na hatutaki kuficha hilo. Lakini hata aliyeruhusu aliruhusu mbwa wa kazi. Mtoto wa wiki nne anayekufa Jumatano ana manufaa gani?

Wapo watakaosema: basi tuhamie kwa paka. Paka ni twahara, ni kweli, na wengi wenu mnawataka wale wa manyoya marefu wa kupigia picha na shela jeupe. Hata paka, katika Muslim kuna riwaya ya kukataza thamani yake, ingawa wanazuoni wengi wameruhusu kumuuza. Muulizeni muuzaji yale yale: mama yuko wapi, wiki ngapi, kadi iko wapi. Mkiona anababaika, ondokeni.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa visiwani hasa. Kichaa cha mbwa hukadiriwa kuua watu kiasi cha 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na kati ya kila watu kumi wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa, wanne hivi ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishaonekana, mgonjwa karibu hana matumaini ya kupona. Ili ugonjwa ukatike mahali, inatakiwa mbwa 70 katika kila 100 wawe wamechanjwa. Pemba walifanya kazi hiyo, kampeni baada ya kampeni, kichaa kikatoweka. Mwaka 2016 kikarudi. Wataalamu walipochunguza vinasaba vya virusi walikuta kimeletwa kutoka nje ya kisiwa. Ikabidi kuanza upya kuchanja mpaka kikatoweka tena.

Kwa hiyo mnapomwona mtu anasafirisha boksi la mbwa wasio na kadi, kwa hiace au kwa boti, msidhani ni biashara yake binafsi. Kichaa huweza kujificha mwilini wiki au miezi kabla ya kuonekana. Mtoto wa mbwa mchangamfu leo hana hati ya usalama wa kesho. Barabara hiyo hiyo ya Musoma inapita kando ya Serengeti, ambako mwaka 1994 ugonjwa mwingine unaowapata mbwa uliua simba kiasi cha theluthi moja. Mbwa wa vijijini pembeni ya hifadhi ndio walioshukiwa kuuleta. Simba! Sembuse mtoto wako anayetambaa uani.

Tunajua mtakachosema, kwa sababu na sisi tulikisema pale stendi: "Tumnunue huyu anayetetemeka, tumwokoe." Mwenzetu alishafungua pochi. Tulimzuia, na njia nzima alitununia. Lakini kijana yule hasomi huruma yetu, anasoma noti. Ukimlipa kwa anayetetemeka, Jumamosi ijayo atawaleta sita, na atajua kwamba anayetetemeka ndiye anayetoka haraka. Tulichofanya ni kuomba maji kwa muuza chai, tukamwambia awanyweshe na asogeze boksi kivulini. Akafanya. Hakuwa mtu mbaya. Alisema ana mama na wadogo zake, na hatuna shaka alisema kweli. Riziki yake inatuhusu, ndiyo, na ndiyo maana hatukumwita askari, ingawa Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 ipo na inakataza kumtesa mnyama. Lakini kijana anayeweza kusimama juani saa nane anaweza kuuza machungwa, na chungwa halimlilii mama yake.

Wala msidhani haya ni mambo ya kujifanya wazungu. Wazungu wenyewe wamechelewa. England ilizuia watu wa kati kuuza watoto wa mbwa na paka wa chini ya miezi sita mwaka 2020, na Ufaransa ikazuia maduka kuuza mbwa na paka kuanzia Januari 2024. Walichogundua ni kile alichokiuliza mwenzetu: mama yake yuko wapi?

Sasa, wewe bibi harusi wa Buzuruga ambaye mumeo halali nyumbani siku nne katika wiki, na wezi wanajua. Hofu yako ni ya haki. Mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba ameruhusiwa katika hadithi, na kuhusu ulinzi wa nyumba Imam Nawawi ameiona kauli ya kuruhusu kuwa ndiyo sahihi zaidi. Kwa hiyo mwambie mumeo, kwa wakati mzuri, ameshakula na ameshapumzika: "Bwana, tusinunue. Tuombe kwa mtu." Mbwa huku hupewana. Wazee wafugaji wa Nyakato na Kiseke mbwa wao wanazaa, na wengi hushukuru akipatikana mtu wa kumchukua mmoja. Mkifika mtamwona mama, mtaona kama ni mkali au mpole, mtahesabu wiki. Zawadi haina ule utata wa thamani. Mkitaka kumtilia mzee sukari na majani ya chai kwenye mfuko, hiyo ni heshima ya mgeni.

Afisa mifugo wa kata aitwe kabla mbwa hajafika. Nauli yake na chanjo ni pesa kidogo kuliko pamba za mezani mlizokodi siku ya harusi. Banda lijengwe nje, lenye kivuli na nafasi, bakuli lake la maji liwe lake peke yake, na nguo ya kusalia ianikwe upande mwingine. Masikio yake yaachwe. Mbwa hubweka kwa sababu ni mbwa, pilipili haimfundishi kitu. Na mtu akiumwa, na mbwa yeyote, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Msingoje mpaka mjue mbwa ni wa nani.

Yule dada anayeogopa hata picha tulikwenda naye Alhamisi iliyopita kwa mzee mmoja juu ya Nyakato. Mbwa wake ana watoto sita, wiki ya tano. Dada alisimama mbali, mkono mdomoni, buibui ameikusanya magotini. Mama mbwa alitutazama, akalala tena, watoto wakarudi kunyonya. Dada akauliza kwa sauti ndogo yupi ni jike. Mzee akamwonyesha mwenye doa jeupe kifuani, akamwambia arudi baada ya wiki tatu.