Kiharusi ni Jina Moja, Maradhi ni Mawili

Wahenga walinena kwamba kinga ni bora kuliko tiba, na sidhani kuna anayepinga kauli hiyo. Hata hivyo, hekima hii imeanza kutumiwa kuhalalisha jambo ambalo wahenga hawakulikusudia: mtu mzima asiyewahi kupimwa humeza tembe ya aspirini kila asubuhi ili damu yake isiwe nzito, eti kwa kuwa jirani yake aliandikiwa na daktari. Desturi hii utaikuta Kitale, utaikuta Bungoma, na utaikuta Lwakhakha, penye mto unaotenganisha Kenya na Uganda. Kazi yangu ni kufundisha isimu, si kutibu. Lakini naamini kwamba sehemu ya hatari hii imo katika maneno tunayoyatumia.

Pale Lwakhakha, Mbukusu wa ng'ambo hii na Mmasaaba wa ng'ambo ile husikilizana kwa lugha zao zilizo ndugu. Akiingia mtu wa tatu sokoni, Kiswahili ndicho huchukua usukani. Kwa hiyo Kiswahili ndicho kinachovusha mto si bidhaa tu, bali pia majina ya maradhi na sifa za dawa. Jina likiwa na kasoro, kasoro hiyo nayo huvuka.

Chukua neno kiharusi. Tunalitaja kana kwamba ni ugonjwa mmoja, kumbe ni miwili. Kuna kiharusi kinachotokea mshipa wa ubongo unapozibwa na damu iliyoganda, na kuna kiharusi kinachotokea mshipa unapopasuka na damu kuvuja ubongoni. Aspirini huweza kusaidia kuzuia cha kwanza; cha pili huweza kukizidisha. Anayesema "aspirini huzuia kiharusi" amesema nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayoua.

Istilahi ya "damu nzito" nayo inapotosha. Aspirini haifanyi damu kuwa nyepesi kama uji uliotiwa maji. Huzizuia zile chembe ndogo za damu zisishikamane, chembe zilezile zinazoziba jeraha tunapojikata. Ndiyo sababu anayeitumia kila siku huweza kuvuja damu tumboni, hasa akiwa mzee au mwenye vidonda vya tumbo. Wala aspirini haishushi presha. Mwenye presha ya juu isiyotibiwa ndiye aliye karibu zaidi na kupasukiwa na mshipa, na kumbe ndiye anayeikimbilia.

Basi nani aitumie? Utafiti uliovuma zaidi, ambao matokeo yake kamili yalitolewa mwaka 1989, ulihusu madaktari 22,071 wa Marekani, wote wanaume. Mishtuko ya moyo ilipungua kwa asilimia 44. Mwaka 2005 yalitolewa matokeo ya wanawake 39,876, na kwa jumla yao mishtuko ya moyo haikupungua kwa kiasi cha maana, ingawa viharusi vilipungua kidogo. Mwaka 2018 ikaja zamu ya wazee 19,114 wenye afya, wengi wao wa miaka 70 na zaidi: hawakupata faida ya kuishi salama zaidi, bali walivuja damu zaidi. Hatimaye, mwaka 2022, jopo la kitaifa la wataalamu wa kinga nchini Marekani lilishauri kwamba aliyefikisha miaka 60 asianze kuitumia kwa nia ya kuzuia shambulio la kwanza. Umri, jinsia na historia ya maradhi hubadilisha jibu. Jirani yako hana umri wako wala tumbo lako.

Nisieleweke vibaya. Aliyekwisha kupatwa na mshtuko wa moyo, au kiharusi cha kuzibwa mshipa, na akaandikiwa aspirini, asiiache kwa sababu ya makala haya. Wapo pia wajawazito ambao kliniki huwapa kwa kiasi kidogo ili kuwakinga na kifafa cha mimba. Hao wamepimwa, wanajua kwa nini wanaimeza.

Kupimwa ndiko kunakokosekana. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba takriban robo ya Wakenya wa miaka 18 hadi 69 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Mwaka 2023 serikali iliwakabidhi wahamasishaji wa afya ya jamii vifaa, vikiwemo vya kupimia shinikizo. Hapana budi vifaa hivyo vifike hadi ukingo wa mto, navyo viandamane na maneno yaliyo wazi.

Napendekeza tuseme "kiharusi cha kuzibwa" na "kiharusi cha kupasuka", redioni, zahanati na katika maduka ya dawa. Muuzaji naye, kabla ya kupokea shilingi za nchi yoyote kati ya hizi mbili, aulize: una umri gani, umepimwa presha lini, una vidonda vya tumbo? Na mnunuzi asione haya kuuliza kama dawa hiyo inamfaa yeye. Kuuliza si ujinga.