Si Kila Moto Huzimwa kwa Maji

Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Katika nchi yenye maji tele namna hiyo, ni rahisi kuamini kwamba ndoo ya maji ni dawa ya kila moto. Imani hiyo ni ya hatari, na mahali pa kuisahihisha ni shuleni.

Moto huhitaji mambo matatu: kitu cha kuungua, joto na oksijeni. Kuuzima ni kuondoa mojawapo. Maji huondoa joto, kwa hiyo hufaa kwa kuni, nyasi, karatasi na nguo. Lakini petroli na mafuta ya taa huelea juu ya maji na kusambaa yakiwaka. Mafuta ya kupikia yaliyoshika moto ni hatari zaidi: maji huzama ndani yake, hugeuka mvuke ghafla na kuyarusha nje ya sufuria. Moto huo hufunikwa kwa mfuniko; wa petroli kidogo iliyomwagika, kwa mchanga mkavu. Penye umeme, swichi kuu huzimwa kwanza, kwa kuwa maji huweza kuupitisha umeme hadi kwa mzimaji.

Ardhi ya Rungwe yenyewe ina dawa mojawapo. Karibu na mlima Kyejo hewa ya ukaa hutoka ardhini, nayo huvunwa kwa matumizi ya viwanda. Hewa hiyo, ambayo pia hujazwa katika baadhi ya mitungi ya kuzimia moto, ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida, na haipitishi umeme. Huufunika moto na kuunyima oksijeni. Hata hivyo, ikijaa shimoni au katika chumba kilichofungwa, humnyima pumzi mnyama na mtu pia.

Haitoshi, basi, mwanafunzi kukariri alama yake ubaoni. Tarehe 10 Agosti 1919 haimo katika kumbukumbu hii. Iliyomo ni tarehe 10 Agosti 2019, ambapo lori la petroli lilipinduka Msamvu, Morogoro, likawaka, na watu zaidi ya 100 wakafa, wengi wao wakiwa wamekwenda kuchota mafuta. Malori ya mafuta hupita pia Tukuyu yakielekea Kyela na Malawi. Mvuke wa petroli hutambaa chini, na cheche moja hutosha. Hapo elimu ya kuzima moto ni kukimbia mbali na kupiga simu 114.

Kila shule ifanye zoezi la moto kila muhula, kwa mchanga, mfuniko na mtungi halisi. Somo hili halistahili kungoja msiba.