Intaneti Si Mwandishi

Mwanafunzi aandikaye insha juu ya mnara wa Mbaraki, hapa kisiwani Mombasa, kisha akamalizia kwa maneno “chanzo: intaneti”, hajataja chanzo chochote. Ni kama shahidi aulizwaye habari kaipata kwa nani, naye akajibu kwamba kaipata njiani. Intaneti ni njia, si mwandishi.

Mnara huo wa mawe una wataalamu waliouchunguza. Hamo Sassoon alichapisha makala juu ya mnara na msikiti wa Mbaraki katika jarida la Azania, juzuu ya 17, mwaka 1982. Makala hiyo sasa husomwa hata kwenye tarakilishi. Aliyeisoma humo yampasa amtaje Sassoon, mwaka, kichwa cha makala, jarida, juzuu na kurasa. Ndipo aongeze anwani ya tovuti. Ukurasa usio na jina la mwandishi utajiwe taasisi iliyoutoa. Na ukurasa ubadilikao, mathalani wa Wikipedia, utajiwe pia tarehe uliposomwa, kwani ulivyo leo huenda sivyo utakavyokuwa kesho.

Wapo wasemao kwamba haya ni mambo ya nukta na mkato tu. La hasha! Wanazuoni wa hadithi hawakuridhika na kauli pasipo isnadi, yaani mlolongo wa waliopokezana. Mtoto wa madrasa analijua hilo; mbona alisahau afikapo chuo kikuu? Tovuti kumi zikinakili sentensi moja, shahidi ni yule yule mmoja. Tena siku hizi zipo programu za akili unde ziwezazo kubuni hata vitabu visivyowahi kuandikwa. Kwa hiyo, mwanafunzi na akifungue mwenyewe kila chanzo akitajacho.

Historia ya miji yetu ya pwani ingali na mengi yasiyoandikwa. Kosa lisilo na mwenyewe likiingia katika insha, na insha ikatiwa mtandaoni, litamrudia mwanafunzi wa mwakani likiwa limevaa kanzu ya ukweli. Hapo nani atalisahihisha, ilhali hajulikani aliyelianza?

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Elimu nayo ni mali. Basi mwalimu apokeapo insha ambayo daftari lake ni neno “intaneti” pekee, asiitie alama. Na airejeshe kwa mwenyewe akatafute mwandishi.