Rangi nyeusi haitibu tairi lenye nyufa

Katika vituo vya matatu vya Kitui, Wote na Makindu, si ajabu kuona tairi lenye meno mazima ilhali ubavu wake umejaa nyufa mithili ya udongo wa silanga lililokauka.

Madereva wengi hulaumu mawe ya barabara. Hata hivyo, jua kali, joto na hewa ya ozoni ndivyo vinavyoukausha mpira, hasa wa gari lililoegeshwa majuma mengi bila kusogezwa. Upungufu wa upepo huzidisha madhara, kwani tairi lililolegea hupinda na kupata moto.

Je, fundi aweza kuziba nyufa hizo? La. Kiraka hufaa tundu la msumari palipo na meno; ubavu hauna dawa. Rangi nyeusi inayopakwa tairi la mtumba huficha tu umri wake. Mnunuzi na asome tarakimu nne zinazomalizia maandishi ya DOT: 2319 ni juma la 23, mwaka 2019.

Matatu hukaguliwa na NTSA mara moja kwa mwaka. Katika miezi inayosalia, usalama wa abiria wamtegemea dereva anayeinama kutazama kabla ya kung'oa nanga, na mwenye gari aliye tayari kugharimia tairi jipya.